Baruti Yenye Meno

Juzi kwenye klabu ya kulenga shabaha kijana mmoja aliniambia, "Mama, badilisha baruti. Risasi zako zinakwenda kizee." Nikakumbuka alasiri moja jikoni kwetu Barking, huku ughaibuni, iliki ya chai imechanganyika na harufu ya mafuta ya bunduki.

Baba alikuwa anajaza risasi zake mwenyewe, akipima baruti kwenye mizani ndogo huku amebana pumzi. Rafiki yake, Mzee Mushi, akaweka kopo jipya mezani.

"Hii ina kasi. Kwa nini wakucheke klabuni kwa risasi za polepole?"

"Waache wacheke," baba akasema, akilisukuma kopo pembeni. "Hiyo itakula mtutu, na risasi zitatawanyika."

Nilikuwa na miaka sita. Nililichungulia lile kopo nikitafuta meno. Nilipoyakosa, nikaamua kwamba baba ni mwoga tu, na nikamwambia hivyo kwa Kiingereza, kama kawaida yetu sisi tuliozaliwa huku. Mzee Mushi akaangua kicheko. Baba hakukasirika. Alitoa karatasi yake ya shabaha, matundu matano yamebanana, kizibo cha soda kingeyafunika yote.

"Nioneshe ya kwako, Mushi."

Mzee Mushi akalirudisha kopo lake mfukoni.

Siku hizi najua meno ya baruti ile ni moto wake, unaokwangua mtutu kwa ndani kidogo kidogo mpaka bunduki haina shabaha tena. Yule kijana sikumweleza hayo. Nilimwambia tu kwamba mtutu wangu ulinunuliwa na baba kabla kijana mwenyewe hajazaliwa.

"Sasa nioneshe karatasi yako," nikasema.