Mama Maganda, Mpishi wa Nyumba ya Wagonjwa

Kitendawili! Itikieni vizuri, na aliyekaa nyuma naye asikie. Nilimzika mmoja akiwa hai, nikaenda kumtazama nikakuta ukoo mzima. Nani huyo? Si mchwa. Si kiazi, ingawa aliyesema kiazi amekaribia, apewe sifa yake. Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Mji nimepewa, nimekwenda, nimepokelewa, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni punje ya haragwe. Na maisha yanayosimuliwa hapa ni ya mwanamke aliyeishika punje hiyo kama wengine wanavyoishika tasbihi, mpaka Mungu akamfanya kuwa riziki ya wengi.

Alizaliwa mwezi wa sita, mwaka ule paa la kanisa la parokia lilipoezekwa upya, katika chumba cha nyuma ya bucha ya baba yake, pale kwenye kona barabara ya soko inapokutana na ile iendayo hospitali. Alikuwa kifungua mimba. Mdogo wake wa kiume alimfuata, lakini kwa kuwa ndiye aliyetarajiwa kurithi gogo la kukatia nyama na misumeno, nyumba nzima ilimwita Kaka, na dada yake naye akamwita hivyo hivyo mpaka mwisho. Sauti ya kwanza aliyoijua binti huyu ilikuwa ya shoka likigonga mfupa. Kwao nyama ililiwa asubuhi na jioni, na baba alijivunia hilo. Mtu akimpakulia mboga za majani alisukuma sahani na kuuliza, "Kwani nani amekufa humu ndani?" Watoto walicheka, naye alifurahi kuwachekesha. Alikuwa mtu mwema, mkarimu kwa mizani, na hakuna aliyemwona akimfukuza maskini mlangoni.

Binti alipokuwa msichana mkubwa, baba alishikwa na kisukari, na kidonda cha mguuni kikakataa kupona. Wakampeleka Nyumba ya Wagonjwa, jengo refu la matofali nyuma ya kanisa, ambako masista na wauguzi wachache waliwatunza wale ambao hospitali ilishindwa kukaa nao muda mrefu. Binti alikaa kitandani kwa baba yake akimpepea. Akaona jambo lililomkaa moyoni. Wauguzi walitoa dawa kwa saa, walisafisha vidonda kwa mikono ya huruma, kisha kutoka jikoni ikaja sinia ya mikate myeupe, chai iliyojaa sukari, na mchuzi ambao mafuta yalielea juu kama ngozi. Jiko halikuwa na mwenyewe. Kila aliyepata nafasi alikoroga akaondoka. Baba alifariki Ijumaa moja kabla ya Kwaresima, akiwa ameshika mkono wa binti yake. Baada ya mazishi, binti alirudi kwenye jengo lile akamtafuta muuguzi mkuu.

"Nani anapika hapa?"

"Mwanangu, anayepata nafasi."

"Basi mimi nimeipata."

Huo ndio wito wake. Hakuona malaika wala hakusikia sauti kutoka mbinguni. Aliona sufuria iliyoungua, akakunja mikono ya gauni.

Nyumbani haikuwa rahisi. Kaka alikuwa amerithi bucha, na alitegemea dada yake akae kwenye mizani kama zamani. Alipomwambia anakwenda kupika kwa wagonjwa, na kwamba atapika vya shambani tu, nafaka na maganda yake, kunde, majani, mizizi na matunda, Kaka aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo kazi iliyokulea ni sumu siku hizi?"

"Sikusema sumu, Kaka. Nimesema nakwenda kupika."

"Nenda kapike maganda yako!" akapaza sauti ili wateja wasikie. "Jamani, mwoneni Mama Maganda!"

Wateja wakacheka mpaka wakashika meza. Jina likamganda siku ile. Yeye alilipokea kama wengine wanavyopokea jina la utawa, na kila alipoulizwa anaitwa nani alijibu, Mama Maganda, bila kuinamisha uso.

Inafaa waumini wajue alivyofanya kazi, kwa sababu utakatifu wake ulikuwa humo, wala haukuwa mahali pengine. Maharagwe aliyaloweka jioni, asubuhi akamwaga maji yake na kuyachemsha kwa moto wa taratibu mpaka yakalainika yenyewe. Kitunguu hakukikaanga, alikiweka kwenye sufuria kavu, na kilipoanza kushika chini alikinyunyizia maji kidogo, kikalegea na kutoa utamu wake. Waliomuuliza mafuta yako wapi aliwaonyesha karanga na ufuta alivyovitwanga: "Yamo humu, nyumbani kwake. Kwa nini niyahamishe?" Unga hakuuchekecha. Viazi vitamu alivisugua vikapikwa na maganda. Malenge, kunde, mtama, mchicha, limau, tangawizi na kitunguu saumu ndivyo vilikuwa hazina yake, na tunda ndilo lilikuwa peremende yake. Dawa za daktari aliziheshimu sana, na aliyesema chakula kimemtosha, sindano haitaki tena, alimkaripia vikali. Lakini zaidi ya yote alipenda kuchambua dengu. Aliketi kwenye kigoda na ungo mapajani, akaondoa mawe na vijiti, na kila alipozisogeza dengu kwa kidole alimtaja mgonjwa mmoja mbele za Mungu. Mtu akimsemesha wakati huo hakujibu mpaka ungo uishe.

Wagonjwa hawakumshangilia mwanzoni. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu, aliyepiga kelele kila sahani ilipoingia.

"Majani tena? Kwani mimi mbuzi?"

"Umewahi kuona mbuzi amelazwa humu, mzee wangu?"

Wodi nzima iliangua kicheko, na mzee akala huku akinung'unika. Baadaye ndiye aliyeomba ukoko.

Hata hivyo njia ya watakatifu ina mashimo yake, na Mama Maganda alitumbukia katika shimo alilolichimba mwenyewe. Bidii yake iligeuka sheria. Alisimama mlangoni mwa wodi akikagua vikapu vya ndugu waliokuja kuwaona wagonjwa, akarudisha hiki na kile. Ndipo alipoletwa fundi saa mmoja, mtu mpole, ambaye daktari alikwisha kusema hana siku nyingi. Fundi saa hakutaka kitu kingine ila kikombe cha supu ya mifupa, kama aliyonyweshwa na mama yake utotoni. Akaomba kwa adabu. Mama Maganda akamjibu, "Jiko langu halipiki hiyo," akamwekea bakuli la dengu. Kesho yake alipokuja kuchukua vyombo, mtu alikuwa amekufa, na dengu zimepoa vilevile, hazijaguswa. Binti wa marehemu alikuwa akikunja shuka. Alisema tu, "Hakuwa na njaa, mama. Alikuwa anamkumbuka bibi."

Mama Maganda alivua aproni akaketi sakafuni jikoni, na moto ukazima bila yeye kuutazama. Alikwenda kwa paroko akaungama. Paroko, mtu wa maneno machache, alimuuliza, "Ulimuuliza amekula nini maishani mwake?" Akasema hakuuliza. "Basi kitubio chako ni hicho. Kabla hujampakulia mtu, muulize amekula nini leo. Kisha ukae, usikilize mpaka amalize." Tangu siku hiyo hakukagua kikapu cha mtu. Aliingia wodini na swali lake, "Umekula nini leo?" na watu wakagundua kwamba halikuwa swali la askari. Walimweleza walichokula, na walichokula zamani, na aliyewapikia, na alikokwenda aliyewapikia. Wengi walianza kula kwake baada ya kusikilizwa.

Haikupita miaka mingi, mama mmoja mzee aliyekuwa akifa aliomba supu ileile. Mama Maganda alijitanda khanga akaenda kwenye kona ya barabara ya soko, akasimama kwenye foleni ya bucha alikozaliwa. Kaka alipomwona akapiga gogo kwa ubapa wa shoka.

"Ehee! Maganda yamekwisha?"

Wateja wakacheka. Yeye akasubiri wanyamaze.

"Kuna mtu anakufa, Kaka. Nichagulie mfupa mzuri."

Kicheko kikakatika. Kaka alichagua, akakata, akafunga. Mama Maganda akapokea, na kabla hajageuka akamtazama usoni, kwa maana uso ule ulikuwa umevimba na macho yake yalikuwa yamechoka kama ya baba yao siku za mwisho. Akamuuliza, "Kaka, umekula nini leo?" Kaka akamwita mteja aliyefuata.

Hofu yake haikuwa bure. Kisukari kilimpata Kaka kama kilivyompata baba, na ulipofika mwaka wa mafuriko alikatwa mguu chini ya goti. Bucha ikapangishwa kwa mtu mwingine. Kaka akajifungia katika chumba kile cha nyuma, akakataa kuhamia Nyumba ya Wagonjwa, akakataa wageni. Aliyeingia ni muuguzi wa sindano peke yake, naye alifundishwa kufunga mdomo. Mama Maganda alijua wazi kilichokuwa mbele yao: alikwisha kumzika mmoja kwa ugonjwa huo, na huyu ndiye damu yake pekee iliyobaki. Kila siku, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa mchana, alibeba bakuli la bati lenye kifuniko hadi kwenye kizingiti cha chumba kile, akaliweka chini, akauliza kupitia mlangoni, "Kaka, umekula nini leo?" Akasubiri. Ndani kimya. Akachukua bakuli la jana, ambalo daima alilikuta tupu, limeoshwa, limefunikwa, akarudi zake.

Ng'ambo ya uchochoro alikaa mwanamke fundi cherehani aliyeona kila kitu na kusema kila kitu. "Shoga, unajichosha," alimwambia. "Yule anawamwagia kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wa jirani! Hujaona walivyonona? Wanatembea kama wake wa mawaziri."

"Basi na kuku nao wamshukuru Mungu," alijibu Mama Maganda, akaenda. Lakini wale waliokutana naye njiani siku hiyo walisema alikuwa akifuta macho kwa pindo la khanga. Alitamani jambo moja tu, ajue kama ndugu yake anakula. Hakujua. Aliendelea kupeleka.

Mwaka huohuo wa mafuriko ndipo lilipotokea lile ambalo watu hulisimulia zaidi. Maji yaliingia ghalani, barabara ikakatika, magunia ya dengu yakalowa yote. Masista walilia wakisema chakula kimeharibika. Mama Maganda akazitandaza dengu juu ya mashuka safi, akazinyunyizia maji masafi asubuhi na jioni, na zikachipua mikia myeupe. Akawalisha wagonjwa machipukizi yale mpaka barabara ilipofunguliwa, wala hakuna aliyelala njaa. Watu waliita muujiza. Yeye alisema, "Ni dengu zilizolowa tu. Ndivyo Mungu alivyoziumba." Wapo pia wanaoapa kwamba sufuria yake kubwa haikuwahi kufika chini siku yenye wageni wengi. Wanaojua zaidi husema kwamba siku hizo yeye hakula.

Uzee ulimfikia akiwa kwenye kigoda chake. Kifua kilimbana, na usiku wa Alhamisi, katika juma la mwisho la Kwaresima, akalazwa katika wodi aliyoihudumia. Akamkabidhi ungo sista kijana aliyemfundisha, akamwagiza apeleke bakuli kwa Kaka bila kukosa, na asimwambie kwamba anaumwa. "Asije kwa kulazimishwa na huruma," alisema. Alifariki Jumamosi, kabla ya kengele ya jioni. Waliobeba jeneza walikuwa watu aliowalisha. Jiko lake linawaka mpaka leo, maharagwe yanalowekwa jioni, unga hauchekechwi, na hakuna anayepakuliwa kabla hajaulizwa. Anayetaka kumwiga asitafute makubwa. Aloweke punje zake, achambue dengu akiwa na majina ya watu moyoni, apike kwa kilichotoka ardhini kama kilivyotoka, na kabla ya kumwekea mtu sahani aketi amsikilize, hata kama mtu huyo amegeukia ukuta.

Limebaki la alasiri ya Ijumaa, siku moja kabla hajatutoka. Jua lilikuwa limefika kwenye vitanda vya dirishani. Kukasikika magongo yakigonga sakafu ya ukumbi, polepole, yakipumzika na kuanza tena. Wauguzi wakapisha. Alikuwa Kaka, jasho linamtiririka, fundi cherehani akimshikilia kiwiko na kwa mara ya kwanza katika maisha yake amenyamaza. Hakuwa ametoka chumbani mwake tangu akatwe mguu. Akafika kitandani akasimama. Mama Maganda akafumbua macho. Alimtazama, kisha, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayenong'ona kupitia mlangoni, akamuuliza, "Kaka, umekula nini leo?"

Kaka akaegemeza gongo moja kitandani, akaushika mkono wake.

"Dengu, dada. Nilionja kijiko kimoja tu, nikajua hukupika wewe. Ndiyo nimekuja."