Kifilimbi cha kupuliza kilivyonirudisha kwa firigisi ya wakwe

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Shule sikufika mbali na sijui kama hii stori itasaidia mtu. Lakini ni yangu, na pale sina uhakika nitasema.

Nilichomwa mionzi ya kansa ya koo. Kansa ikatulia, kumeza kukaharibika. Hata maji yalipita njia ya hewa, nakohoa mpaka machozi.

Nikaacha kwenda kwa wakwe Bungoma. Huko nikifika nachinjiwa kuku, na firigisi ni yangu, heshima ya mkwe. Nikiiacha kwa sahani, nimewakataa.

Shemeji yangu Nafula akapiga simu: "Ati siku hizi kuku yetu inanuka?"

Simlaumu. Hakuna mtu alikuwa amemweleza.

Mama wa kliniki ya kumeza akanipa kifaa, kama filimbi ya refa, ila ndani kuna kifuniko kimebanwa na spring. Unapuliza kwa nguvu mpaka kifunguke. Alisema misuli ya kutoa pumzi ikipata nguvu, kikohozi kinaweza kusukuma chakula kikipotea njia.

Nikapuliza, nikajiona mwanaume. Mke wangu akacheka: "Baba Wafula, hayo ni mashavu! Unawasha jiko?"

Akanibana mashavu kwa vidole. Pumzi ikaisha hapo hapo. Kumbe kifua kilikuwa bure kabisa! Tangu hapo kila asubuhi ananibana, napuliza, chai inapoa.

Juzi tukaenda Bungoma. Firigisi ikaletwa. Nikakata kidogo, nikainamisha kidevu vile nilifunzwa, nikameza.

Ikapotea njia.

Nikakohoa. Si kile kikohozi changu cha paka, hiki kilitoka kifuani. Nyama ikarudi mdomoni.

Baba mkwe akavuta sahani yangu. Nikajua firigisi imeenda. Kumbe anatoa kisu chake, akaikatakata ndogo ndogo, akamwagia mchuzi, akairudisha.

"Kula polepole, mwanangu. Hata giza ikiingia, hii hakuna mtu ataigusa."

Nafula naye: "Na vile tulisema unaringa, bana!"

Nikaimaliza. Chai ya jioni ilinikuta hapo.

Wakuu, labda ni kifilimbi, labda ni muda, labda ni vidole vya mama watoto. Siwezi kuapa. Nyama kavu bado inanishinda. Na usinunue hicho kitu kabla hujapimwa.

Nilichojifunza: waambie watu wako mapema, wanaweza kukukatia ndogo ndogo.

Mwenye amepitia mionzi ya koo, sahani gani ulikuwa unaiogopa? Niandikie hapa chini, nasoma zote.