Marashi ya Kaka Nasr

Msiniulize kama kaka yangu Nasr alikuwa mlevi, nitakutukaneni. Tone moja hakutia mdomoni. Ila tulipokimbia Unguja kila mtu alishika alichokipata, na yeye alishika kazi Skotilandi, kiwanda cha wiski cha kizamani. Alitandaza shayiri sakafuni ichipue, akiipindua kwa koleo la mti, na baadaye akawa msimamizi wa mitungi ya shaba inayochemshiwa wiski.

Aliporudi kwetu Maskati mwaka tisini na mbili, mama yetu Bi Khole alimpokea kwa machozi. Kisha akamuuliza kazi aliyokuwa akifanya. Nasr, mjinga wa Mungu, akasema kweli. Tangu hapo mama hakula chochote alicholeta. "Mwanangu nampenda," aliniambia, "lakini radhi yangu sitoi juu ya ulevi." Na kaka hakutaka kitu duniani ila hiyo radhi.

Akapata kazi ya stoo kwenye duka la magari Wattaya, kazi ya halali. Mama hata hivyo hakula chake. Mwaka tisini na tisa akasema basi, atampikia mama marashi mwenyewe, maana kuchemsha na kukinga mvuke ndiyo ilimu aliyokuwa nayo. Akaleta mawaridi ya Jabal Akhdhar, akachemsha uani kwetu Ansab. Wallahi yalinukia mpaka njiani! Mama akachungulia dirishani, akatabasamu. "Haya nitayanyunyizia maulidi yangu," akasema. Kaka alilia kama mtoto.

Laiti angeyatia chupani siku ile ile. Lakini mazoea yana taabu. Kule Skotilandi kinachotoka mtunguni huitwa kibichi, lazima kilazwe kwenye pipa la mti kitulie. Alikuwa na kipipa, zawadi ya wenzake wa kiwandani siku alipoaga. Akakiosha kwa maji ya moto, akakianika, akakiosha tena, akakinusa. Safi. Akalaza marashi ya mama humo mpaka Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi.

Siku ya maulidi nyumba ilijaa wanawake. Tuliposimama kumswalia Mtume, mama mwenyewe akashika mrashi, akatunyunyizia vichwani na mikononi. Loo! Chumba kizima kikanuka wiski. Jirani yetu Shaikha akapiga kelele, "Astaghfirullah, nini hiki?" Wengine wakakimbilia maji, wengine wakachukua mabuibui yao wakaondoka. Mama kabaki kasimama, mrashi mkononi.

Nikamfuata Nasr uani. Akajimiminia marashi kiganjani, akanusa, akanusa tena. "Kheiria, mbona mawaridi matupu?" Masikini, pua yake ilikuwa imeizoea harufu ile miaka yote ya kiwandani, haiisikii tena. Nilimweleza mama. Hakusadiki. "Kanifedhehi kusudi, tena mbele ya jina la Mtume." Kila Ijumaa kaka alikuja akakaa mlangoni, na kila Ijumaa mama alijifungia chumbani.

Mama alipokuwa anakata roho, mwaka elfu mbili na tatu, aliniusia mimi: "Nasr asishuke kaburini mwangu." Mwana wake wa pekee wa kiume! Na mimi ndiye niliyebebeshwa kumwambia. Mume wangu Aflah akashuka kumpokea, pamoja na mpwa wetu. Nasr alisimama juu, mikono mitupu, wakamfukia mama yake mbele ya macho yake.

Waliporudi nikamwambia, "Kaka, zilikuwa hasira tu zile."

"Hasira hupoa mtu akiwa hai," akanijibu. "Mama keshakwenda nazo. Sasa mimi nende kwa nani?"