Uliza Kwanza Uko na Nani

Nakumbuka mvua ya siku ile, mjukuu wangu, kila ninapokukuta umeinamia dirisha jeusi la kompyuta ukiliandikia amri. Unaniambia la siku hizi linakuonyesha lenyewe uko kwenye mashine ipi, ila lile la zamani lilikutolea alama tupu, likangoja. Hiyo alama tupu naijua vizuri.

Miaka ya sabini nilikuwa mpiga teleksi, ile mashine ya kutumiana maandishi kwa waya kati ya ofisi na ofisi, kijana mwenye majivuno yake. Kazi nilijifunzia Mbeya, kwenye mashine mpya: ukiunganishwa tu na ofisi nyingine, inakuandikia jina la ofisi hiyo. Nikahamishiwa Iringa, kwenye mashine kuukuu isiyosema kitu mpaka ubonyeze kuiuliza.

Asubuhi moja dereva wa lori aliingia ofisini akichuruzika maji. "Daraja la mbele ya Mafinga limekwenda na maji!"

Dada yangu Tumaini alikuwa ameshapanda basi la Mbeya pale kituo cha Ipogolo, mtoto mchanga mgongoni. Tungeweza kulizuia Mafinga tu, kituo chake cha mwisho kabla ya daraja.

Nikaita Mafinga, laini ikashika, nikaweka vidole nianze kugonga. Mzee Sanga, mkuu wangu, akanidaka mkono.

"Umeuliza uko na nani?"

"Mzee, dada yangu yumo kwenye basi!"

"Ndiyo maana nakuuliza. Bonyeza!"

Nilimchukia, nakwambia kweli. Nikabonyeza. Mashine ikatatarika, ikaandika: NJOMBE.

Ningeutuma ujumbe wote Njombe, nikainuka nimeridhika, na basi lingepita. Tukakata, tukaita upya. Mvua ilipiga bati, nami nikimtaja Tumaini kimoyomoyo. Laini iliposhika niliuliza bila kuambiwa, ikajibu: MAFINGA. Hapo ndipo mzee aliponiachia mkono.

"Haya, piga sasa, kijana wangu. Taratibu."

Basi lilizuiwa likiwa limeshawasha injini kuondoka.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, mashine mpya ikikuonyesha ulipo, soma, usipitishe macho tu. Ya zamani isipokuonyesha, iulize. Hata roho ikiwa juu juu, usitoe amri kabla hujajua inakwenda kwa nani. Mtoto yule wa mgongoni mwa Tumaini ndiye mama yako.

Mungu akutunzie mikono hiyo, na siku mikono itakapokimbia kabla hujauliza, akupe mtu wa kuidaka.