Filamu Aliyonitafsiria Baba Neema

Hadi leo naona aibu kupita mbele ya kanisa letu hapa Ihanja.

Marehemu mume wangu, Baba Neema, alikuwa dereva wa mapadri wa Kiitaliano. Walipoondoka walimwachia filamu za kwao, tukawa tunazitazama jioni huku akinitafsiria sikioni. Niliyoipenda kuliko zote ina mwanaume anayemsihi mwanamke sokoni. Tangu Baba Neema afariki naitazama peke yangu, na bado namsikia yeye.

Jumapili iliyopita akina mama wa parokia walitaka kuiangalia filamu hiyo katika ukumbi wa kanisa. Nikajitokeza kifua mbele nikasema nitawatafsiria, Kiitaliano nakijua. Pembeni alikaa sista mzee, mgeni wetu, ambaye sikuwa nimeuliza ametokea nchi gani.

Yule mwanaume alipofungua kinywa, nami nikaanza: "Mke wangu, hata mvua ikigoma miaka yote, mimi sikuachi. Nikitangulia kufa, usiache kula kwa ajili yangu."

Akina mama wakafuta machozi. Kuona hivyo, nikazidi kupandisha sauti.

Sista akanigusa bega. "Mama Neema, mimi ni Mwitalia. Huyo bwana anaomba apunguziwe bei ya samaki."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilijifunika uso kwa kanga.

"Maneno hayo umeyatoa wapi?" akaniuliza.

"Kwa mume wangu, Sista. Marehemu."

Kicheko kikakatika. Sista akanishika mkono.

"Basi alikuwa anakuambia wewe."