Fundi Ratemo Aachana na Mafuta ya Taa

Kwamba enzi ya mafuta ya taa imekwisha kutoka Karungu mpaka Kendu Bay. Kwamba kuanzia sasa omena, wale dagaa wa ziwani, watavuliwa kwa nguvu za jua. Na kwamba watoto watakaozaliwa hawataijua harufu ya karabai: hayo yalitangazwa rasmi mwaka wa 1997, ufukweni Karungu, na mkuu wa tarafa mwenyewe, mbele ya wananchi walioketi juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, maana viti viliwatosha wageni tu. Tangazo lilipigiwa makofi. Halikuwa na masharti yoyote.

Mzee Omanga, mwenye mitumbwi, aliinua mkono akauliza hiyo Land Rover ya serikali nayo itaanza lini kunywa jua. Mkuu wa tarafa, ambaye watu wote walimwita DO, alijibu kwamba magari yatafuata kwa awamu. Kisha akaondoka kwa awamu iliyokuwepo, na moshi wake ukakaa ufukweni kitambo kidogo baada ya yeye kwenda.

Miongoni mwa waliosikiliza, aliyeamini kila neno alikuwa mmoja. Huyo alikuwa Ratemo, fundi wa karabai.

Ratemo alishuka kutoka milima ya Kisii akiwa kijana mwenye mke mpya, akakuta wavuvi wanaovua usiku wa giza kwa taa za pampu zinazoelea majini, na taa hizo zinaharibika kila uchao. Aliketi chini akazirekebisha, na hakuinuka tena. Alizibua, akabadilisha ngozi za pampu, akapuliza, akawasha. Kazi ilimlisha, na yeye akaichukia kwa moyo wake wote. Mafuta ya taa yalikuwa yameingia kwenye kucha, kwenye shati, kwenye ugali. Mkewe alimvulisha shati mlangoni. Kanisani, Sabato baada ya Sabato, benchi alilokalia lilikuwa na nafasi ya kutosha pande zote mbili, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini.

Kwa hiyo wiki ileile ya tangazo alifunga vyombo vyake kwenye gunia, akaenda Kendu Bay kumuuzia Mokua, mtu wa kwao aliyekuwa na kibanda cha karabai huko.

“Umefikiria lakini, ndugu yangu?” Mokua alimuuliza.

“DO mwenyewe amesema.”

“Eeh. Hapo ndipo nilikuwa nauliza.”

Wenye mradi huo wa taa za jua walimfanya Ratemo mtunzaji wa sola, vile vioo vya kunasa jua na kujaza betri. Mshahara ungeanza baada ya jaribio: usiku mmoja wa giza la mwezi, mitumbwi ya Omanga ingetoka na taa za betri, na zikifaulu sola zingebaki na Ratemo angekuwa mtu wa mshahara. Zisipofaulu, zingepelekwa ufukwe mwingine wenye watu waelewa zaidi. Ratemo alielewa kwamba yeye hangepelekwa popote.

Alizitunza sola zile kama bibi harusi. Zilikuwa zimewekwa juu ya fremu za chini, zimeinama kidogo kuelekea ziwani, na kila asubuhi alizipangusa mpaka ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Akazizungushia miba kwa ajili ya mbuzi, akaacha mlango mdogo wa kupitia, na akawaonya watoto. Hakuona mwingine wa kumwonya.

Ubishi haukukosekana. Omanga alikuwa na hoja zake.

“Fundi, nakuambia kitu na unanicheka. Omena haiji kwa mwanga peke yake. Inakuja kwa ile sauti. Shhhhh. Sasa hii taa yako ni bubu.”

“Kwani omena iko na masikio, Mzee?”

“Wewe mtu wa milima ndiye utanifundisha samaki? Huko kwenu si mnajua ndizi?”

“Karabai inakula mafuta ukipata, inakula ukikosa,” Ratemo alisema. “Jua halikutumii mtu kudai.”

“Omera, kitu ambacho hakidai huwa hakifanyi kazi. Angalia hata bibi yangu wa pili.”

Kina mama waliokuwa wakianika omena walicheka, Milka akicheka kuliko wote. Milka ndiye aliyekuwa msemaji wao, mjane mwenye sauti ya kuita feri. Yeye hakuwa na shida na jua. Shida yake ilikuwa mchanga. Wanunuzi wa Isebania walikuwa wakitia omena mdomoni, wakisikia mchanga unalia kwenye meno, na kutema pamoja na bei waliyokuwa wametaja.

“Baba Emmah,” alimuuliza Ratemo, “hizo vioo zinashika moto sana mchana, ama?”

“Sana, mama!” Ratemo alisema, akifurahi kupata hata mtu mmoja wa kuuliza swali la maana. “Ukigusa saa saba utatoa mkono. Na hakuna mchanga unaokaa hapo. Nikipangusa, umekwisha.”

“Kumbe,” alisema Milka.

DO aliamua jaribio lifanyike Jumamosi. Ratemo alimkumbusha kwamba Jumamosi ni Sabato na yeye huwa kanisani mpaka jua likaribie kutua. DO akamwambia ndio uzuri wa teknolojia: hii haitaki fundi, inataka jua tu. Ratemo hakuona kosa kwenye maneno hayo. Alhamisi jioni wavuvi walifanya mazoezi na taa mpaka betri zikaisha. Ijumaa mawingu yalitanda kutwa. Kila kitu kikaangukia Jumamosi, na Jumamosi jua lilitoka kali, jeupe, jua la kuombewa. Ratemo alilishukuru waziwazi katika maombi ya asubuhi. Mahubiri yalipokuwa marefu hakujali, kwa kuwa kila dakika ilikuwa inaingia kwenye betri.

Aliporudi ufukweni jua lilikuwa linagusa maji, na Milka alikuwa anafagia omena wa mwisho kutoka kwenye sola kwa ufagio laini, akiwatia kwenye gunia. Vioo vilikuwa vimejaa magamba, vikimeta kama fedha.

“Baba Emmah, njoo uone!” aliita. “Onja. Onja moja tu. Kuna mchanga?”

Ratemo alisimama kwenye mlango wa miba.

“Zilikuwa hapa tangu saa ngapi?”

“Tangu umande wa asubuhi. Unakasirika nini? Hatujakwaruza. Nimewaambia wote, hii ni kitu ya serikali, mwanike pole pole.”

“Mama Byron, hii inakula jua! Ukiifunika itakula nini?”

“Si jua lilikuwa linapiga juu yake siku nzima? Jua hata si lako. Sisi ndio tumetumia kidogo, lingine limepita.”

Ratemo aliokota omena mmoja akamgeuza; hakuwa na mchanga hata punje. Aliyewaambia vioo vinashika moto ni yeye. Aliyevipangusa ni yeye.

DO alifika, taa zikawashwa, zikawaka. Picha ilipigwa. Mitumbwi ikasukumwa majini. DO alikuwa bado na soda mkononi wakati taa ya kwanza ilipofifia, ikawa njano, ikawa nyekundu, ikazima, nyingine zikaifuata. Halafu Omanga, mtu wa tahadhari, akavuta turubai mtumbwini na kutoa karabai zake. Moja tu iligoma.

“Fundi!” sauti ilikuja juu ya maji. “Hii imeziba! Leta ile sindano yako!”

Ufukwe mzima uligeuka kumtazama Ratemo. Alijipapasa mifuko ya suti ya kanisani, bure tu, kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba aliyokwisha kuiuza.

Jumatatu lori lilizibeba sola. Milka aliuliza kama wangeweza kuwaachia moja. Tangazo halikufutwa, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kwamba linahitaji kufutwa.

Siku ya pili yake Ratemo alikwenda Kendu Bay. Alimkuta Mokua ameinamia karabai, hana hata nafasi ya kuamkia vizuri.

“Nimekuja kununua vile vyombo vyangu.”

“Siuzi, ndugu yangu. Na usichukue vibaya. Kazi imenizidi.”

Mokua akasogea kwenye benchi kumpa nafasi, akampa Ratemo karabai iliyokuwa ya kwanza kwenye foleni. Foleni iliishia nje ya mlango.