Uyoga Mweupe wa Bibi

Nimerudi nyumbani Rungwa leo, ndugu yangu, mvua za kwanza zimeshanyesha. Nimeshuka tu kwenye gari, harufu ya uyoga wa karanga ikanipiga puani, nikawa mtoto pale pale. Ubongo una mambo! Umri wote huu, harufu moja tu inanivua viatu.

Enzi zetu, mvua ikinyesha, bibi alituamsha alfajiri twende porini, umande ukitulowesha hadi magotini na nyuki wakivuma kwenye mizinga ya babu. Hakuwa na maneno mengi. Kila uyoga alitushikisha, akatunusisha, akatutajisha jina lake kwa lugha ya nyumbani, na kesho yake tukarudia yale yale mpaka tukamchoka. Siku moja nilichuma mmoja mweupe, mzuri kweli, nikautia kikapuni. Lo! Alinichapa mkono, akanisugua vidole kwa majivu huku ninalia.

"Huu ulimaliza nyumba nzima kule bondeni," alisema. "Waliula wakicheka."

Nilipofika sekondari, mwalimu wa baiolojia ndiye aliyenifumbua macho. Chembe za neva, alisema, hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mdogo mno. Ujumbe hukimbia kama umeme hadi ukingoni, kisha kemikali huvuka upenyo ule na kumwamsha jirani. Chembe zinazoamshana mara kwa mara huzoeana, mwisho mwito mdogo tu unatosha, na kumbukumbu hukaa hapo. Hofu huikaza zaidi. Wenzangu waliandika, mimi nilikuwa nanusa vidole vyangu.

Siku hizi bibi ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Daktari alitueleza bila kuficha: sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya inakufa, chembe zake zinaacha kuitana. Ya leo hayakai kabisa, na ya zamani nayo yameanza kuondoka. Mama mdogo, anayeishi naye, akaficha panga na kiberiti. Kikapu hakuna aliyekifikiria. Huku kwetu aliyechuma uyoga ndiye anayeuchambua, na kupekua kikapu cha mtu mzima ni kumtukana.

Basi nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba vizuri tu. Binti yangu, niliyekuja naye, alikuwa ameshanawa mikono. Nikafunua chungu kwa uroho wangu, nikanusa mvuke, mate yakanijaa. Halafu nikaona mabaki ya kuchambua pembeni ya mafiga, na katikati yake kipande cha shina jeupe, chini yake kimevimba kama kikombe. Vidole viliniwasha kabla sijajua ninaogopa nini.

Chungu chote nilikimwaga. Mama mdogo akapiga ukelele akidhani nimepagawa. Yeye hakuwa ameonja, wala binti yangu, Mungu asifiwe. Lakini mwiko ulikuwa umelowa, na bibi alikuwa anajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Bibi, umekula?"

"Nimekula nini, mwanangu? Kwani mmeshapika?"

Sasa tuko zahanati, tunangoja gari la kumpeleka hospitali kubwa, na njia unaijua ilivyo. Nesi anauliza amekula kiasi gani, amekula saa ngapi, maana sumu ile hunyamaza kwanza, dalili huja baada ya saa nyingi. Nimjibu nini? Bibi aliyejua kila kitu cha pori hili, aliyekumbuka hata walikufa wangapi bondeni na majina yao, hawezi kuniambia alichokitia mdomoni mchana huu. Ninaogopa, sikufichi. Ninamtazama tumbo, ninamtazama midomo, ninatafuta kwenye mwili wake jibu ambalo kichwa chake hakina.

Mwenyewe ametulia kwenye benchi, anamsuka binti yangu nywele, anamwambia alale mapema, kesho atampeleka porini akamfundishe uyoga.